Kabla ya kununua chupa, itazame sahani

Ukipanda matatu jioni katikati ya jiji la Nairobi, kabla haijajaa na dereva kuwasha injini, si ajabu aingie bwana mmoja aliyefunga tai, mkoba begani, awasalimu abiria kwa adabu kubwa na kuuliza ni nani asiye na jamaa anayeugua kisukari. Hakuna anayejibu. Kila mmoja anatazama nje dirishani, maana kila mmoja anaye. Basi bwana huyo atatoa chupa ya tembe au pakiti ya unga wa kijani, ataje mdalasini, moringa, karela na madini yenye majina marefu, kisha amalize kwa kuwahakikishia abiria kwamba mgonjwa akitumia chupa tatu anaweza kuzisahau dawa za hospitali.

Wanaonunua si wajinga. Ni watu waliochoka. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba atameza tembe maisha yake yote, na huku amekatazwa chapati, soda na nusu ya vitu vilivyokuwa vikimfurahisha, hawezi kulaumiwa akivutiwa na anayemwahidi kuwa yataisha kwa chupa tatu. Lakini kwa kuwa maneno hayo huwapeleka watu hospitalini kwa machela, na wengine kaburini, wiki hii nataka tuichambue chupa hiyo pamoja na sahani inayokaa mezani kwetu kila jioni, tuone ni ipi hasa inayoamua kiwango cha sukari mwilini.

Tuanze na mwili wenyewe. Chakula chote cha wanga, kiwe ugali, wali, mkate, viazi au ndizi za kupika, humeng'enywa na kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo huifungulia glukosi mlango wa kuingia katika misuli na sehemu nyingine za mwili ili itumike. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, kongosho huwa haitoi insulini ya kumtosha. Huyo asipodungwa insulini atakufa, na hakuna mmea, madini wala maombi ya kuchukua mahali pa sindano hiyo. Naliandika hili wazi kwa sababu wapo wazazi ambao hushawishiwa kumwachisha mtoto sindano "ajaribu dawa ya asili kwanza". Usijaribu hata kwa siku moja.

Wagonjwa walio wengi, hata hivyo, wana kisukari cha aina ya pili. Insulini ipo, lakini mwili umekuwa mgumu kuitikia, na kongosho nayo inachoka pole pole. Hapa ndipo chakula kina nguvu kubwa, na hapa ndipo wachuuzi walipopata soko lao.

Vipimo navyo ni vizuri tuvielewe. Mtu ambaye hajala tangu usiku, akipimwa asubuhi na kupatikana na milimoli 7.0 au zaidi kwa lita moja ya damu, na ikathibitishwa kwa kupimwa tena, huyo ana kisukari. Wagonjwa wengi huambiwa walenge kati ya 4 na 7 kabla ya kula. Halafu kuna kipimo kingine ambacho watu wamekizoea kwa jina la kipimo cha miezi mitatu. Hicho huonyesha sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, hakidanganywi na mtu anayefunga kula siku mbili kabla ya kwenda kliniki. Wengi hulenga asilimia isiyozidi 7. Na kama hujawahi kupimwa, wewe ni mmoja wa wengi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kila kumi nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Sasa tuje mezani. Chukua familia ya watu watano ambayo pakiti ya unga ya kilo mbili huwatosha kwa ugali wa jioni mbili. Hesabu yake ni gramu 200 za unga kwa kila mtu kila jioni. Katika gramu 100 za unga wa mahindi kuna kiasi cha gramu 75 za wanga, kwa hiyo kila mmoja amekula karibu gramu 150. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu nne. Yaani ule mlima wa ugali, ambao hauna utamu wowote mdomoni, unaipa damu glukosi inayolingana na zaidi ya vijiko 35 vya sukari, ingawa haiingii yote kwa mara moja. Mzee wa nyumba huenda ameacha sukari kwenye chai kwa mwaka mzima na kujisifu kwa majirani. Kisha hushangaa mbona kipimo hakishuki.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe siku hizi hawapendi kuwatisha wagonjwa kwa orodha ndefu ya vyakula vilivyopigwa marufuku. Hugawa sahani. Nusu nzima iwe mboga zisizo na wanga mwingi: sukuma wiki, managu, terere, kunde, mrenda, kabeji, biringanya, bamia. Robo iwe protini: maharagwe, ndengu, samaki, omena, yai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Kwa ugali, hicho ni kipande cha ukubwa wa ngumi ya anayekula. Najua kuna watakaosema kwamba hiyo ni ya kuonja tu. Ndiyo sababu nusu ya sahani imejazwa mboga. Tumbo likijazwa na mboga na maharagwe, kelele zake hupungua baada ya wiki mbili au tatu.

Kuna imani moja ambayo imeenea sana mijini na ningependa tuiguse, nayo ni ya ugali wa rangi. Mgonjwa huambiwa aache ugali mweupe ale wa wimbi, mtama na muhogo, na baada ya hapo hula kiasi kile kile, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa "huu ni dawa". Wimbi ni chakula kizuri, kina nyuzinyuzi na madini kuliko unga mweupe uliokobolewa, na mimi mwenyewe ningeuchagua. Lakini bado ni wanga. Muhogo nao, ukikaushwa na kusagwa, ni wanga karibu mtupu. Uji mwepesi wa wimbi uliosagwa laini, kikombe kikubwa asubuhi, unaweza kuipandisha sukari haraka kuliko kipande cha ugali kilicholiwa na mboga. Hali kadhalika asali na sukari nguru. Kwamba nyuki ndiye aliyeitengeneza hakuifanyi damu iipokee kama maji.

Kwa upande mwingine, tunadharau vyakula vyetu ambavyo kwa hakika vinasaidia. Nafaka jamii ya kunde, yaani maharagwe, ndengu, mbaazi, njahi na kunde zenyewe, zina wanga unaomeng'enywa taratibu, na zina protini na nyuzinyuzi pamoja. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni mlo bora kwa mgonjwa wa kisukari kuliko sahani ya wali kwa kipande cha nyama. Ndugu zetu wa Mombasa wanaokula mahamri kwa mbaazi asubuhi nao wanahitaji tu kugeuza mizani: hamri moja, mbaazi bakuli, na tui lisiwe zito. Mwanafunzi anayekula kwenye vibanda karibu na chuo, badala ya chapati tatu kwa maharagwe kidogo, aombe chapati moja na maharagwe mara mbili. Bei haitapanda sana. Soda akiiacha atakuwa amefanya jambo kubwa zaidi, maana chupa moja ya mililita 300 ya soda ya kawaida hubeba vijiko saba hadi vinane vya sukari. Na tunda aliuma, asilikamue: chungwa moja ni tunda, lakini glasi ya maji ya machungwa ni machungwa matatu au manne yaliyonyang'anywa nyuzinyuzi.

Hata mpangilio wa kula una maana. Mwaka wa 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya pili chakula kile kile kwa siku mbili tofauti. Walipoanza na mboga na nyama, kisha wakamalizia na mkate, sukari yao saa moja baada ya mlo ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja kuliko walipoanza na mkate. Wagonjwa 11 ni wachache, nakubali. Lakini ni jaribio lisilogharimu chochote, na unaweza kulirudia jikoni kwako ikiwa una kifaa cha kupimia. Baada ya kula, tembea. Dakika kumi au kumi na tano za kuzunguka mtaani, misuli ikifanya kazi, huichukua glukosi kutoka kwa damu hata pale insulini inapoitikiwa kwa uvivu.

Kwa wale ambao sukari yao imeanza kupanda bila kufika kiwango cha ugonjwa, kuna habari njema ya muda mrefu. Mwaka wa 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234. Waliopunguza uzani kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupatwa na kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa tembe za metformini walipunguza kwa asilimia 31. Na mwaka wa 2017 kule Uingereza, karibu nusu ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango mkali wa chakula cha kupunguza uzani, wakisimamiwa na wahudumu wa afya, walifikisha mwaka mmoja sukari yao ikiwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Hakuna chupa ya matatu iliyowahi kuonyesha jambo kama hilo.

Ndipo sasa tuifungue chupa yenyewe. Mdalasini ulipata sifa mwaka wa 2003, baada ya utafiti wa watu 60 nchini Pakistan kuonyesha kwamba waliotumia gramu moja hadi sita kwa siku, kwa siku 40, sukari yao ilishuka. Majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yanayopingana, na mwaka wa 2012 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, walikata kauli kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza mdalasini kama dawa ya kisukari. Mwaka huo huo waliichunguza karela na wakafikia uamuzi kama huo. Mdalasini wa aina ya kasia, ambao ni wa bei nafuu, una kumarini kwa wingi, na kumarini ikitumiwa kwa kiasi kikubwa siku nenda siku rudi huweza kudhuru ini. Mdalasini wa kutia kwenye chai au pilau hauna neno. Ni vijiko vya kila siku ninavyovisema, pamoja na tembe zilizoshindiliwa poda hiyo.

Madini ya kromiamu huuzwa kwa maelezo kwamba huisaidia insulini. Asiyepungukiwa nayo, na wengi hawapungukiwi, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba atapata faida. Vitamini D nayo ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,423 waliokuwa karibu kupatwa na kisukari. Matokeo yalipotoka mwaka wa 2019, tofauti kati ya walioimeza na ambao hawakuimeza ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Uwatu na moringa zina dalili za kushusha sukari kidogo, lakini tafiti ni ndogo na vipimo vya kutumia havijulikani vyema.

Maoni yangu ni kwamba vitu hivi vikiwa chakula, vikaribishwe. Karela iliyokaangwa kwa vitunguu, kama wanavyoipika Wahindi wa Parklands na Mombasa, ni mboga safi na inajaza ile nusu ya sahani. Majani ya moringa yapikwe kama sukuma wiki. Ila vikiingizwa kwenye chupa na kupewa bei, basi unalipia ahadi.

Na ahadi nyingine zina sumu ndani. Mwaka wa 2008 nchini Singapore, hospitali zilianza kupokea watu, karibu wote wanaume, ambao sukari yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi ilhali hawakuwa na kisukari. Walifika 150 kwa muda wa miezi mitano, na wanne walifariki. Ilibainika kwamba dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi, ambayo ni dawa ya kisukari ya hospitalini. Mwaka wa 2013 idara ya dawa na chakula ya Marekani ilizionya kampuni 15 kwa kuuza bidhaa haramu za kisukari. Baadhi ya bidhaa hizo, japo ziliitwa za asili, zilikuwa na dawa za hospitali ambazo hazikutajwa kwenye chupa. Kwa hiyo poda "ya asili" ikishusha sukari yako kwa maajabu katika siku tatu, usishangilie. Jiulize ndani yake mna nini.

Hatari huzidi kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia glibenklamidi au insulini kisha anaongeza poda juu yake. Sukari ikiteremka chini ya 4, mtu hutokwa na jasho jembamba, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na huweza kuongea ovyo kama mlevi. Jamaa wa nyumbani, hata watoto wa shule, wanapaswa kuzijua dalili hizi. Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe baada ya dakika 15, na akiwa bado chini apewe tena, kisha ale. Kama amezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Wapo wanaoikataa metformini kwa kusema wao hawataki kemikali, wanataka miti. Hawa ningependa wajue kwamba ukoo wa metformini unaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa na watu wa huko kwa karne nyingi. Wanasayansi walikichunguza kiini chake, wakaona kina sumu, wakatengeneza vya jamii yake vilivyo salama zaidi, na mwaka wa 1957 daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metformini. Tofauti yake na poda ya mchuuzi ni kwamba kila tembe ina miligramu zilizoandikwa, na madhara yake yanajulikana.

Mojawapo ya madhara hayo ndiyo inayonifanya nisiseme kwamba virutubishi vyote ni bure. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza uwezo wa mwili wa kufyonza vitamini B12 kutoka kwa chakula. Upungufu huo huleta uchovu, upungufu wa damu, na ganzi au kuwashwa kwa nyayo kama mtu anayekanyaga pamba au sindano. Tazama mtego uliopo hapa: kisukari chenyewe pia huleta ganzi miguuni. Mgonjwa akilalamika huambiwa ni sukari, akabane zaidi chakula, kumbe anapungukiwa na vitamini ambayo ingerudishwa kwa tembe au sindano. Neva zikikaa muda mrefu bila B12, huenda zisirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo, aliyetumia metformini kwa miaka kadhaa, hasa aliyezeeka au asiyekula nyama, amwombe daktari kipimo cha B12. Vitamini hiyo hupatikana kwenye maini, samaki, omena, mayai na maziwa. Kwenye sukuma wiki haimo. Dawa yenyewe asiiache kwa sababu ya habari hii. Hiki ndicho kirutubishi ambacho wagonjwa wengi wa kisukari huenda wakakihitaji kweli, na sijawahi kumsikia mchuuzi wa matatu akikitaja.

Kwa akina mama na akina baba wanaopika: mgonjwa asipikiwe sufuria yake ya pembeni kama mtu aliyetengwa. Sahani ya nusu mboga inamfaa kila mtu aliye mezani, hasa watoto wa mgonjwa huyo, ambao wamo hatarini zaidi kuliko watoto wa jirani. Na zile pesa za chupa tatu, kabla hujazitoa, uliza duka la dawa zingenunua karatasi ngapi za kupimia sukari, na sokoni zingenunua kilo ngapi za ndengu.

Kama tayari unatumia poda au tembe za nyongeza, usifiche. Siku ya kliniki itie chupa ndani ya mfuko pamoja na dawa zako, uiweke mezani mbele ya daktari, na umwombe aandike jina lake kwenye kadi. Mweleze pia kama unameza vitamini C kwa wingi, kwani huweza kuvidanganya baadhi ya vifaa vya kupimia sukari. Anaweza kukunja uso kidogo, lakini atajua anatibu nini. Jumapili ijayo tutazungumza kuhusu miguu ya mgonjwa wa kisukari: viatu, kucha, na jinsi ya kukikagua kidonda kidogo kabla hakijawa kikubwa.